Usiulize Wanaingiaje, Uliza Wanatokaje

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya viongozi wa dini, walimu, wazazi na vijana, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, masheikh wetu, maaskofu na wachungaji, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma hadi wengine mmekosa viti: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wasio katika makundi hayo mawili, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vyama vya siri na dini mpya. Najua wengi mmekuja kusikia habari za Freemason. Ndivyo ilivyo kila ninapoalikwa. Nikitaja Freemason, watu husogeza viti mbele. Nikitaja Shakahola, ule msitu walikofukuliwa mamia ya maiti za waumini, watu huinamisha vichwa na kutamani nipite haraka. Leo sitapita haraka. Nitayaweka yote mawili juu ya meza moja, kwa sababu naamini kwa moyo wangu wote kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukiogopa kisichotuua na kukipuuza kinachotuua, na walioumia zaidi ni watoto.

Nianze na siri yenyewe, maana hiyo ndiyo inayotutisha. Sisi si wageni wa siri. Aliyepita kumbini anajua kuna nyimbo ambazo haziimbwi nje ya kumbi. Aliyechezwa unyago anajua aliyofundwa na kungwi wake, na hata mumewe hakuambiwa yote. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na Bayeye, chama cha wacheza nyoka, chenye dawa zake na maneno yake, na asiyeingizwa hakufunuliwa. Huko Rwanda na Burundi watu waliingizwa katika ibada ya kubandwa, ya mizimu Ryangombe na Kiranga, wakakatazwa kusimulia waliyoyaona. Na beni je? Ngoma ile iliyoanzia huku kwetu pwani, yenye makundi ya Arinoti na Marini, ikabebwa na maaskari wa Vita vya Kwanza hadi bara, ilikuwa na vyeo vya kingi na jenerali, ilikuwa na michango, na wanachama walizikana. Chama chenye kiapo, ngazi na ishara za kujuana hakikutufikia kwa meli ya Mzungu.

Ila angalieni jambo moja. Mwali haingii ndani ili abaki humo. Siku ya kumtoa inajulikana mapema, jamaa wanachanga mchele na kanga, ngoma inapigwa, na mtoto anarudi kwa mama yake akiwa mtu mzima. Siri ya kumbi kazi yake ni kumrudisha mtu kwao. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa Freemason. Kwa mapokeo yao wenyewe, tarehe 24 Juni 1717 loji nne, yaani matawi manne, za London zilikutana katika nyumba ya pombe iliyoitwa Goose and Gridiron, wakaunda Loji Kuu ya kwanza. Mwaka 1723 katiba yao, iliyoandikwa na mchungaji wa Kipresbiteri, James Anderson, ilichapishwa na kuuzwa kwa yeyote aliyetaka kununua. Anayeingizwa hufungwa kitambaa machoni na kuvikwa kamba shingoni, suruali ikakunjwa mguu mmoja, kifua kikaachwa wazi upande wa kushoto. Anaulizwa kama anamwamini Mungu, na anaapa kwa kitabu cha dini yake, Mkristo kwa Biblia, Mwislamu kwa Kurani. Kisha anapanda ngazi tatu, kutoka mwanagenzi hadi fundi hadi fundi mkuu, kwa maigizo ya waashi waliojenga hekalu la Suleimani. Viapo vya zamani vilitaja adhabu ya kukatwa koo. Loji Kuu ya Uingereza iliyaondoa maneno hayo kwenye viapo vyake mwaka 1986. Ndani ya loji ni marufuku kubishana dini wala siasa. Baada ya ibada hizo wanakula chakula cha jioni, wanachanga sadaka, wanarudi majumbani.

Sisemi mjiunge. Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki mwaka 1738, na Vatican ikarudia katazo hilo mwaka 1983 na tena 2023. Baraza la Fiqhi la Makka lilitoa uamuzi wake dhidi yao mwaka 1978. Kwa muumini, uamuzi wa viongozi wa dini yake unatosha, na mimi siji hapa kuupinga. Lakini kusema chama fulani hakipatani na imani yangu ni jambo moja, na kusema kinakula watu ni jambo jingine. Hayo mawili sisi tumeyachanganya.

Na tumeyachanganya ilhali ukweli uko barabarani. Ukumbi wa Freemason wa Nairobi uko Nyerere Road, wa Dar es Salaam uko Sokoine Drive, katikati ya mji. Marehemu Sir Andy Chande, mtoto aliyezaliwa hapahapa Mombasa mwaka 1928, ambaye vinu vya familia yake vilitaifishwa Tanzania mwaka 1967 naye akaendelea kuitumikia nchi hiyo akiongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, alikuwa kiongozi mkuu wa Freemason Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Hakujificha. Alikubali kuhojiwa na waandishi, akajibu. Hata hivyo, mpaka leo msanii akifariki ghafla, kabla maiti haijaoshwa tayari simu zetu zina habari kwamba katolewa kafara.

Serikali nayo iliingia katika hofu hiyo. Oktoba 1994 Rais Moi aliteua Tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Tume ilimaliza kazi mwaka uliofuata, na ripoti ikafika Bungeni mwaka 1999. Freemason walitajwa humo. Nchi nzima ikawa inatafuta pete, pembe za mbuzi na alama za jicho kwenye noti.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Machi 2000, kanisa liliungua Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, watu wakiwa ndani, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Na mwaka 2003, hapa karibu, Malindi, mtu mmoja aliyekuwa dereva wa teksi alifungua kanisa lake. Hakuwa na pete wala aproni ya Freemason. Alikuwa na Biblia, na mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mpita njia.

Kabla sijafika huko, niwaambie vijana kitu. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alinijia na simu yake. Ujumbe ulisema amechaguliwa kujiunga na familia ya Freemason, atapata nyumba, gari na pesa kila mwezi, na atume kwanza shilingi 2,500 za fomu. Alituma. Ukaja mwingine: ada ya pete. Akakopa kwa shangazi yake, akatuma. Ukaja wa tatu, ada ya kufungua njia ya utajiri, ukiwa na picha ya jicho na kiapo kwamba akirudi nyuma atakufa. Hapo ndipo alipokuja kwangu, hana usingizi, si kwa ajili ya pesa tena, bali kwa hofu ya kufa. Mmeyaona matangazo hayo kwenye nguzo za stima, yakibandikwa ubavuni mwa matangazo ya waganga.

Loji haibandiki karatasi kwenye nguzo. Mtu hupendekezwa na mwanachama, akaungwa mkono na mwingine, akapigiwa kura kwa vigololi vyeupe na vyeusi, na akikubaliwa anatoa ada yeye, halipwi na mtu. Wale ni matapeli, na mtaji wao tumewapa sisi. Kila mhubiri anayesimama mimbarini na kusema Freemason wanagawa utajiri anawafanyia matapeli matangazo ya bure. Masheikh na wachungaji, hilo nalisema kwa heshima na kwa uchungu. Kijana asiye na kazi haisikii sehemu ya moto wa jehanamu. Anasikia sehemu ya gari.

Sasa twende Shakahola.

Yule dereva wa teksi, Paul Mackenzie, na kanisa lake la Good News International walijulikana Malindi kwa mahubiri ya siku za mwisho. Mahubiri hayo yalirekodiwa na kurushwa hewani. Yeyote aliweza kuyasikiliza. Alifundisha kwamba shule ni ya shetani, akakamatwa mwaka 2017 kwa sababu ya watoto walioachishwa masomo. Alifundisha kwamba hospitali ni ya kuepukwa. Huduma Namba, namba ya serikali ya kuandikisha watu, ilipokuja mwaka 2019 alisema ndiyo alama ya mnyama. Mwaka huohuo akafunga kanisa mjini, na wafuasi wakaanza kumfuata msituni, wengine kutoka magharibi ya Kenya, wengine kutoka Nairobi, wakauza walichonacho. Huko msituni mitaa yao ilipewa majina ya Bethlehemu na Galilaya. Aprili 2023 polisi waliwakuta watu 15 walioisha kwa njaa, na wanne kati yao hawakuwahi matibabu. Yakafunuliwa makaburi, moja baada ya jingine, hadi miili ikapita 400. Wapasuaji wa serikali walikuta njaa, na kwa baadhi, watoto wakiwemo, walikuta dalili za kunyongwa na kuzibwa pumzi. Mackenzie ameyakana mashtaka na mahakama ina kazi yake. Mimi si hakimu. Lakini miili haihitaji hukumu ili tuihesabu. Na mwaka 2025, eneo la Kwa Binzaro, katika kaunti hiihii ya Kilifi, makaburi mengine yakapatikana.

Nataka mtazame jinsi ilivyofanyika, hatua kwa hatua, maana watu huniuliza: mwalimu, mtu mwenye akili zake anakubalije kufa njaa? Hakubali siku moja. Hakuna aliyeingia kanisani Malindi akaambiwa mlete mwanao afe. Kwanza aliambiwa amtoe shule. Mtoto akitoka shule, hakuna mwalimu wa kuuliza mbona amekonda. Kisha akaacha hospitali, na hapo hakuna muuguzi wa kuona mgongo wa mtoto wala kadi ya chanjo. Kisha akatupa kitambulisho, na bila kitambulisho kupata kazi ni shida na hata laini ya simu husajiliwi. Akauza shamba, sasa hana pa kurudi. Akahama mji, sasa jirani hasikii kilio. Akaambiwa ndugu wanaompinga ni watu wa dunia, akaacha kupokea simu za mama yake. Kila hatua ilihubiriwa kama utakatifu, na kila hatua ilikuwa mlango mmoja unaofungwa. Ilipofika siku ya kuambiwa afunge kula, hakukuwa na mlango hata mmoja uliobaki.

Kanungu ilikuwa vilevile. Credonia Mwerinde, aliyewahi kuuza pombe, alisema Bikira Maria amemtokea. Joseph Kibwetere alijiunga naye mwaka 1989, na padre msomi, Dominic Kataribabo, akawapa heshima ya kanisa. Wafuasi waliuza mali na kukabidhi fedha. Waume walitengwa na wake zao, watoto wakatengwa na wazazi. Na wakakatazwa kusema. Waliwasiliana kwa ishara za mikono. Fikirini nyumba nzima ya watu walio kimya, ambao hakuna awezaye kumnong'oneza mwenzake, jamani, nina mashaka. Dunia ilikuwa iishe mwaka 1999 ukimalizika. Haikuisha. Miezi michache baadaye walichinja ng'ombe, wakanunua kreti za soda, wakala pamoja, wakaingia kanisani. Polisi walikuja kuchimba maiti nyingine katika nyumba za viongozi. Mamia walikufa, na kundi hilo lilikuwa limeandikishwa serikalini kama shirika lisilo la kiserikali, lina cheti.

Linganisheni sasa. Loji inakufunga macho mlangoni, inakuapisha, inakuonyesha mambo ambayo hutakiwi kumwambia mkeo. Kuingia ni kugumu na kwa siri. Lakini kesho asubuhi unakwenda kazini kwako, Ijumaa uko msikitini au Jumapili uko kanisani, watoto wako wako shuleni, na siku ukichoka unamwandikia katibu barua ya kujiuzulu, mambo yamekwisha. Wengi huacha tu kulipa ada. Kundi la Malindi lilikukaribisha bila kiapo, bila kitambaa, bila swali. Kuingia kulikuwa wazi kama soko, na kutoka kukawa hakuna.

Kwa hiyo tunapouliza, wanaingiaje, wana siri gani, tumekosea swali. Swali la kumlinda mtoto ni hili: akitaka kutoka, anatoka vipi, na akitoka anamkuta nani?

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo haya mawili ni nchi mbili zisizopakana. Yanapakana, tena kuna watu wamevuka mpaka. Mfano unaojulikana sana ni Joseph Smith, mwasisi wa kanisa la Mormoni. Machi 1842, katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, aliingizwa Freemason na kupandishwa hadi fundi mkuu ndani ya siku mbili. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo, wiki saba baadaye, aliwakusanya wanaume wachache katika chumba cha juu cha duka lake na kuwapa ibada mpya ya hekaluni, yenye mavazi, ishara na mishiko ya mikono inayofanana na ya loji. Kanisa lenyewe leo linakiri mfanano huo na kueleza kwamba alichukua umbo na kulijaza maana nyingine. Kanisa hilo lina hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025, na waumini wake ni majirani zetu wanaoishi maisha ya kawaida. Nalitaja ili mwone kwamba ibada ya siri ni chombo tu. Loji ilikitumia kwa udugu wa jioni moja kwa mwezi, dini mpya ikakitumia kwa wokovu wa milele.

Na sababu ya chombo hicho kupendwa ni kubwa kuliko tunavyodhani. Tarehe 6 Machi 1775 mjini Boston, Prince Hall na wanaume weusi 14, watu huru katika nchi ya utumwa, waliingizwa Freemason na loji ya askari wa Kiingereza. Wazungu wa Marekani hawakutaka kuwaita ndugu, basi wakaanzisha loji yao. Mtu aliyeitwa “boi” mchana kutwa aliitwa “Mheshimiwa” usiku. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Noble Drew Ali alichukua tarbushi na alama za udugu huo akajenga dini kamili kwa Waamerika weusi, Moorish Science Temple. Wanaokimbilia vyama hivi na dini hizi mpya mara nyingi wanatafuta hicho kimoja: mahali pa kuitwa kwa jina la heshima. Mama aliyeuza shamba akaenda Shakahola alikuwa anatafuta hicho. Tusimcheke. Tujiulize alikikosa wapi.

Sasa kesi inayonitisha kuliko zote, maana humo mambo yote mawili yaliunganishwa kwa makusudi. Joseph Di Mambro, Mfaransa, alikuwa mwanachama wa AMORC, chama cha Rosicrucian kinachofundisha elimu za siri, tangu 1956. Luc Jouret alikuwa daktari Mbelgiji, aliyezaliwa Kikwit, Kongo, mwaka 1947. Katika miaka ya 1980 walianzisha Hekalu la Jua, Ordre du Temple Solaire, Uswisi, Ufaransa na Kanada. Kulikuwa na mlango wa mbele: Jouret alitoa mihadhara ya wazi kuhusu afya na mazingira, kwa watu wenye elimu na pesa. Waliopendezwa waliitwa kwenye klabu ya ndani kidogo. Walioaminika wakavushwa hadi kwenye Shirika lenyewe, lenye majoho, panga na viapo, eti warithi wa mashujaa wa Hekalu (Templar), wapiganaji wa Kikristo wa zama za kati. Ngazi juu ya ngazi, kama loji. Lakini loji huishia kwenye chakula cha jioni. Hapa ngazi ya juu kabisa ilikuwa Di Mambro mwenyewe, aliyejiita mjumbe wa mabwana wasioonekana, ambaye alipanga nani aoane na nani, ambaye binti yake alitangazwa kuwa mtoto wa kimbingu. Maono ya usiku kwenye ibada, panga zinazong'aa na sura za malaika, yalitengenezwa na fundi kwa taa na mitambo. Fundi huyo alipojitoa na kuanza kusema ukweli, aliuawa Kanada pamoja na mke wake na mtoto wao mchanga. Siku hizohizo, Oktoba 1994, nyumba ziliungua Cheiry na Salvan nchini Uswisi. Jumla waliokufa Oktoba ile ni 53, baadhi wakiwa wamepigwa risasi, wakiambiwa au kulazimishwa kusafiri kwenda nyota ya Sirius. Desemba 1995 wakafa 16 zaidi Ufaransa, na Machi 1997 watano Kanada.

Ona basi. Waliokufa hawakuwa maskini wasiojua kusoma. Na siri peke yake haikuwaua, maana AMORC ina siri na wanachama wake hurudi nyumbani. Kilichoua ni siri ikishikwa mkononi mwa mtu mmoja ambaye hakuna wa kumuuliza, juu ya watu ambao wamempa mali, ndoa na watoto.

Haki itendeke pande zote, loji nazo zimewahi kuoza. Machi 1981 polisi wa Italia walipekua ofisi za Licio Gelli wakakuta orodha ya watu 962 wa loji iliyoitwa P2: mawaziri, majenerali, wakuu wa ujasusi, wenye mabenki, waandishi. Serikali ilianguka, na loji ikavunjwa kwa sheria mwaka uliofuata. Nchini Liberia, kwa zaidi ya karne, ilikuwa vigumu kupanda cheo bila kuwa Freemason, na askari Samuel Doe alipopindua serikali mwaka 1980 aliwapiga marufuku. Gabon, rais Ali Bongo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Loji Kuu. Huo ni ugonjwa halisi wa vyama vya siri: upendeleo, kazi kupeana wao kwa wao, hakimu na mshtakiwa kushikana mikono kwa ishara. Raia ana haki ya kuukasirikia. Ila ni ugonjwa wa mamlaka na pesa za umma, na dawa yake ni majina kuwekwa wazi. Bunge la Uingereza liliona hivyo mwaka 1799, lilipopiga marufuku vyama vya viapo: liliziacha loji za Freemason ziendelee na ibada zao, kwa sharti kwamba kila mwaka zipeleke majina ya wanachama kwa ofisa wa serikali. Fungeni mlango mkitaka, lakini tujue nani yumo.

Hapo nafika kwenye sheria yetu. Baada ya Shakahola, Rais Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupendekeza jinsi ya kusimamia mashirika ya dini. Wengi mliomo humu mliogopa, na naelewa. Serikali ikianza kupima imani ipi ni sahihi, leo atabanwa yule, kesho nitabanwa mimi. Mimi sitaki serikali isome mahubiri. Vyeti navyo haviokoi; nimewaambia Kanungu walikuwa na cheti. Nataka serikali ilinde milango ya kutokea. Mtoto wa miaka saba hayuko shuleni, chifu aulize leo, si baada ya miaka minne. Mtoto mgonjwa kanyimwa matibabu, hilo ni kosa hata kama kuna aya mia moja za kulitetea. Ndugu wakisema jamaa yao haonekani, polisi waende wakamwone ana kwa ana, wazungumze naye faragha, wasiridhike na salamu za mchungaji. Kuna ndugu waliopiga ripoti kuhusu Shakahola kabla ya Aprili 2023, wakaambiwa ni mambo ya kifamilia na ya imani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nanyi viongozi wa dini, msiiachie serikali. Muumini akitoka kwako akahamia kwingine, msimlaani mimbarini. Msiwaambie waumini wasimsalimie. Kanisa au msikiti unaomfanya anayeondoka kuwa maiti machoni pa ndugu zake umeshaanza kufunga mlango, hata kama mafundisho yake ni safi. Mahesabu ya sadaka yasomwe. Mtu akija kukupa hati ya shamba lake lote, mrudishie, mwambie akalale kwanza na azungumze na watoto wake.

Wazazi, mwanao akipata kikundi kipya cha maombi, usianze na ugomvi. Ukigombana naye, kiongozi wake atamwambia: nilikuambia watakupinga. Mwite kula. Mpigie simu kila wiki, hata asipopokea. Mwambie kitanda chake kiko palepale. Ninao watu niliozungumza nao waliotoka kwenye makundi ya aina hii, na karibu wote walitaja mtu mmoja: dada, mjomba, rafiki wa shule ambaye hakuchoka kupiga simu.

La mwisho ni ombi, wala haliwezi kungoja. Miili ya Shakahola ilianza kukabidhiwa kwa ndugu Machi 2024 pale Malindi, baada ya vipimo vya vinasaba. Waliotambuliwa ni wachache. Sehemu kubwa hawakuwa na mtu wa kutoa sampuli, kwa sababu jamaa zao hawajui waliko, au wanaona aibu kujitokeza. Hakuna aibu. Katika ukumbi huu lazima yuko anayemjua mama, kaka, au jirani aliyeuza vitu vyake kati ya 2019 na 2023 akasema anakwenda kuishi karibu na Bwana, na simu yake haijapatikana tena. Familia hiyo iendeni. Wasindikizeni kwa polisi, upande wa upelelezi, wakatoe sampuli. Pale mlangoni wamekaa mawakili na washauri nasaha waliojitolea, nao watawapokea mara tu tukimaliza, kwa faragha, bila malipo. Mwenyekiti, naomba kabla ya maswali tuwape hao nafasi ya kusimama waonekane.